Paa Kwanza: Joto la Nyumba Zetu Kama Nilivyolijua Pemba na Unguja

Disemba 2009 waya wa umeme unaotoka bara kuja Unguja, ule unaopita chini ya bahari hadi Ras Fumba, uliharibika, na kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu, tena ya kaskazi, msimu ambao joto limefika kileleni. Mei 2008 tulishawahi kukosa umeme karibu mwezi mzima, lakini ule ulikuwa mwisho wa masika, kipupwe kinabisha hodi, watu wakastahamili. Safari hii ilikuwa nyingine. Mapangaboi yalisimama, viyoyozi vya wenye navyo vikanyamaza, na kila nyumba ikabaki na hali yake halisi. Ndipo tulipozijua nyumba zetu.

Mimi na mume wangu wakati huo tulikuwa tumepanga Fuoni. Nyumba yenyewe ya kawaida, kama nyingi zilizojengwa pembezoni mwa mji: matofali ya saruji ya inchi sita, plasta ndani na nje, mabati juu, silingi bodi sebuleni tu na vyumbani hakuna kitu. Chumba chetu kilikuwa upande wa magharibi. Jua likishazama nje kunapoa vizuri, majirani wametandika mikeka uani wanazungumza, watoto wanakimbizana. Ukiingia chumbani unapokewa na fukuto. Baada ya Isha nilikuwa naweka kiganja ukutani, upande wa mchago. Ukuta ule ulikuwa na joto la kuhisika mpaka kwenye kifundo cha mkono, na joto lile ulilijua hata kabla hujaugusa, ukisogeza shavu tu karibu na plasta. Nikigusa ukuta wa mashariki wa chumba hichohicho, vuguvugu basi. Nikiamka saa sita za usiku kugusa tena, wa magharibi bado haujamaliza. Ulikuwa unapoa alfajiri, wakati wa kutoka kitandani.

Mimi nasomesha fizikia, kwa hiyo jambo lile halikuniachia. Nilikuwa nalijua ubaoni kwa miaka, lakini kulijua ubaoni na kulilalia ni mambo mawili.

Kitu chochote kizito kinaweka joto. Kila mita moja ya ujazo ya zege au tofali lisilo na tundu, ukitaka ipande digrii moja, uipe kiasi cha kilojuli 1,800. Mita hiyohiyo ya hewa inataka kilojuli moja na kidogo tu. Fanya hesabu ya chumba cha mita tatu kwa nne, dari mita tatu juu: hewa yote iliyomo ndani, kwa kila digrii, imebeba joto dogo mno ukilinganisha na ukuta mmoja wa inchi sita. Ukuta huo peke yake unazidi hewa yote ya chumba zaidi ya mara 50. Ndiyo maana unafungua dirisha, unapepea, hewa inabadilika yote, na baada ya dakika chache joto limerudi palepale. Hewa umeitoa. Ukuta haujatoka.

Halafu liko suala la muda. Joto la jua halipiti ukutani papo hapo, linasafiri polepole. Katika tofali la inchi sita safari hiyo inachukua saa nne hadi tano. Sasa ukuta wa magharibi unapigwa na jua kali kuanzia laasiri, saa kumi hivi, mpaka karibu na magharibi. Ongeza saa nne au tano. Joto la saa kumi na moja jioni linaingia chumbani saa tatu na saa nne za usiku, watoto wanapolazwa. Ukuta mwembamba kama wa mabati au wa makuti ungekuwa umeshapoa zamani. Ukuta mnene sana ungekuwa bado haujalipitisha. Wa inchi sita, upande wa magharibi, bila kivuli, umekaa katika unene mbaya kuliko wote, na ndio tunaoujenga kila siku.

Katika miezi ile ya giza tulikuwa mara kwa mara tunakwenda kulala kwa shangazi yangu Kiponda, Mji Mkongwe, nyumba niliyokaa nilipokuja Unguja kusoma. Nyumba ya mawe na chokaa, ghorofa mbili. Kuta zake unaziona unene wake ukisimama dirishani: kizingiti cha chini kinatosha kukalia mtu mzima akakunja miguu, zaidi ya nusu mita. Vyumba vyembamba na virefu, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazifiki mbali, mita tatu au pungufu, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Mchana wa saa nane, nje jua la utosi, ukipanda ngazi zile unahisi ubaridi unakuja kukupokea.

Watu wengi wakiingia nyumba kama ile husema: siri ni kuta nene. Shangazi hakuwa akiamini hivyo, na alikuwa na haki. Yeye siku nzima alikuwa katika kazi ya madirisha. Asubuhi ya mashariki anayafunga mbao za chini, za juu anaacha, hewa ipite na jua lisiingie. Baada ya adhuhuri anahamia upande wa pili. Baada ya magharibi anafungua yote, na mlango wa kwenda ghorofani pia, upepo upande kwa ngazi. Nikiwa msichana nilikuwa naona ni mazoea ya wazee. "Mwanangu, nyumba usipoitazama inakugeukia," alikuwa akiniambia, na mimi naitikia tu.

Ukiiangalia nyumba ile kwa makini, ukuta mnene ni jambo la mwisho katika mambo manne. Kwanza vichochoro: nyumba zimesogeleana hata jua la asubuhi na jioni haligusi kuta nyingi kabisa. Pili chokaa: nje zilipakwa nyeupe, na rangi nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto. Tatu paa, na hapa pana jambo zuri ambalo halisemwi sana. Majumba mengi ya Mji Mkongwe zamani yalikuwa na mapaa bapa ya mawe na chokaa. Yalikuwa yanavuja, na baadaye watu wakayafunika kwa mabati yaliyoinuliwa. Nia ilikuwa mvua. Lakini kilichotokea ni kwamba jua linapiga bati, upepo unapita kati ya bati na paa la zamani, na lile paa zito la chini linakaa kivulini. Ukipanda juu kwa shangazi mchana, kati ya bati na sakafu ile ya chokaa, joto la bati linakushika kichwani huku nyayo zako ziko kwenye ubaridi. Baada ya hayo matatu ndiyo unakuja unene wa ukuta. Ukuta uliokwishakingwa jua unabaki na kazi ndogo, na kazi ndogo unaiweza.

Beit el Ajaib, lile jumba kubwa la Mji Mkongwe, lilijengwa hivyohivyo, kwa ukubwa wake. Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alilijenga mwaka 1883 na kulizungushia roshani pana pande zote. Unasifiwa urefu wake na milango yake, mimi nasifu roshani zile: jua halikuwa linafika kwenye ukuta wa chumba.

Na nyumba ya mawe nayo ina mwisho wake, lazima niseme. Usiku wa Machi usio na upepo, chumba cha chini kwa shangazi kilikuwa hakilaliki. Sababu inajulikana ukitazama hesabu ya hali ya hewa yetu. Februari na Machi Unguja mchana ni kama digrii 32 au 33, usiku inashuka hadi 24 au 25. Tofauti ni digrii saba au nane tu. Ukuta mnene uliomo kivulini unajituliza katikati, kwenye 28 au 29. Mchana hiyo ni raha, kwa sababu nje ni 32. Usiku ni taabu, kwa sababu nje ni 25 na wewe umefungiwa na ukuta wa 28, na unyevu wa hewa yetu hauruhusu jasho kukauka mpaka upepo ukupitie mwilini. Kwa hiyo wakubwa wa nyumba zile walikaa chini mchana, madukani na ukumbini, na usiku wakapanda juu kwenye upepo. Nyumba moja, matumizi mawili.

Hapa ndipo maarifa ya nje yanapotupoteza tukiyachukua jinsi yalivyo. Vitabu vingi vya kujenga kwa kufuata jua vimeandikwa na watu wa baridi. Mfano wao mashuhuri ni nyumba za Odeillo, Ufaransa, za mwaka 1967, ambako mhandisi Félix Trombe na msanifu majengo Jacques Michel waliweka kioo mbele ya ukuta mzito uliopakwa rangi nyeusi, ukaelekezwa kusini, jua la baridi likaingia, ukuta ukaliweka, usiku ukalitoa ndani. Kihami, yaani kile kinachozuia joto lisipite, wao wanakiweka nje ya ukuta ili joto lisiwatoroke. Ni elimu safi. Lakini jua lao la mchana wa Disemba liko chini, upande wa kusini. Letu, kwa kuwa tuko digrii sita tu kusini ya ikweta, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini kabisa, na miezi mingine haliendi mbali. Hata watu wa majangwani, wanaofaidi kweli kuta nene, wanafaidi kwa sababu usiku wao unashuka digrii 15 au 20 na hewa yao kavu. Fizikia ni ileile. Jibu linabadilika.

Jibu la kwetu nilionyeshwa na nyumba ya mama, Pemba, kijiji kilicho jirani na Wete, wala hakuna maabara ambayo ingenionyesha vizuri zaidi.

Nyumba ile ni ya udongo: nguzo, fito, udongo ukakandikwa kwa mikono, kuta zina unene wa shubiri hivi. Nimezaliwa mle. Paa lilikuwa la makuti, na kati ya kichwa cha ukuta na paa palikuwa na upenyo wa pande zote, panya na paka wakipita na upepo nao. Mchana wa kaskazi ulikuwa unalala usingizi. Makuti kwa hakika ni kihami: yamejaa hewa iliyonaswa kati ya jani na jani, hayaweki joto, na yanapumua. Taabu yake tunaijua wote. Baada ya miaka mitatu, minne, mitano ukijaaliwa, yanataka kuezekwa upya, na cheche moja ya jikoni inamaliza kila kitu. Kwa hiyo kaka zangu walipoanza kupata riziki, jambo la kwanza walilomfanyia mama ni kumwezekea mabati. Kila mtu alifurahi, na mama mwenyewe alifurahi, haamki tena usiku wa mvua kupanga masufuria.

Kuta hazikuguswa. Udongo uleule, madirisha yaleyale, mwembe uleule upande wa machweo. Kilichobadilika ni paa tu, na ule upenyo wa juu ambao fundi aliuziba kwa tofali ili nyumba ionekane imekamilika. Kaskazi ya kwanza mama alihamishia kitanda chake uani. "Nyumba imeingia homa," alisema. Nilipokwenda likizo nikasimama sebuleni saa saba mchana, joto likawa linashuka kichwani na mabegani, miguu haina habari. Bati lile unene wake haufiki nusu milimita, na jua la adhuhuri siku ya uwazi linamwaga kiasi cha wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita 100 za mraba limebeba sawa na pasi 100 za umeme zilizowashwa kwa pamoja. Bati linapokea, linafika digrii 60 na zaidi, na upande wa chini linamulika joto hilo kwa aliye ndani. Halihitaji hewa kulibeba. Linapiga moja kwa moja, kama utosi unavyopigwa na jua.

Tangu hapo nikiulizwa habari ya joto la nyumba, jibu langu la kwanza ni paa. Ukuta uliza baadaye.

Tulipopata kiwanja Kianga, Unguja, tukaanza kujenga kidogo kidogo kama watu wote, nilikuwa na mambo niliyoyashikilia. Fundi wetu, mwashi mtu mzima na hodari, tulibishana naye sana, kwa heshima. Alipofika kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, akataka kuziba pembetatu za ncha za paa.

"Mwalimu, hapa tunaziba, la sivyo popo watakuhamia."

"Fundi, tuache wazi, tuweke wavu."

"Na mvua ya kusi je? Ikija ya kulala itakuingilia mpaka darini."

Hilo lilikuwa neno la mtu anayejua. Ikapatikana njia yake yeye: mbao nyembamba zilizolazwa mteremko kuelekea nje, mvua inateleza, upepo unapita, na nyuma yake wavu wa tundu ndogo. Upande wa chini wa paa, chini ya upenuni, tukaacha upenyo mrefu wenye wavu pia. Hewa baridi inaingia chini, ya moto inatoka juu kwenye ncha, na mchana kutwa paa linajipepea lenyewe bila senti moja ya umeme.

Chini ya mabati tukatandika karatasi ya alumini inayong'aa. Hapa nataka nikae kidogo, maana nimeona nyumba nyingi zimewekewa karatasi hii na haifanyi kazi. Kitu kinachong'aa namna ile kinatoa mnururisho, yaani joto la kumulika, kidogo sana. Bati la moto linaimulika karatasi, karatasi inapata joto, lakini upande wake wa chini hautoi ila sehemu ndogo kwenda chini. Sharti lake ni nafasi ya hewa. Ikigusana na bati, au ikibanwa kati ya bati na papi, joto linapita kwa kugusana tu na pesa yako imepotea. Iachie nafasi, hata inchi moja, na upande unaong'aa uelekee chini kwenye hewa, kwa sababu ukielekea juu baada ya miezi michache vumbi linaufunika na mng'aro unakwisha. Fundi alinitazama. "Bati ni bati tu, Mwalimu." Akaweka nilivyotaka.

Juu ya dari ya vyumba vya kulala nilitaka kihami kinene. Mama, aliyekuja kututembelea, alipendekeza sufi. Si wazo dogo hilo. Misufi Pemba imejaa, na sufi ina hewa nyingi ndani yake kuliko pamba, ndiyo maana godoro la sufi lilikuwa la moto. Lakini sufi inashika moto upesi mno, na juu ya dari ndiko zinakopita waya za umeme. Usumba wa makumbi nao nilifikiria, unastahimili unyevu vizuri zaidi, lakini panya wangeufanya mji. Tukanunua yale mablanketi ya nyuzi za kioo, hayaungui, tukayalaza juu ya silingi bodi bila kuyakandamiza. Kukandamiza kunatoa hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto. Fundi wa umeme akapitisha waya zake juu ya blanketi, kwenye hewa, zisipate joto zikifunikwa. Haya mablanketi ndiyo yaliyotugharimu kuliko kitu kingine chochote cha ziada katika nyumba ile, kwa hiyo sebuleni hatukuweka, vyumbani tu.

Kuta ni tofali za inchi sita kama za kila mtu. Sikuzibadilisha. Kuongeza unene wa ukuta usio na kivuli kunaahirisha joto, na mtu akiahirishiwa joto kutoka saa tatu hadi saa saba za usiku hajasaidiwa kitu. Tulichofanya ni kupanga vyumba. Magharibi tukaweka stoo, choo na bafu, ule ukuta uhifadhi joto lake huko. Mbele yake mume wangu akapanda miembe na mstafeli. Kabla miti haijakua tulitundika makuti ya kumba kwenye nguzo zilizosimamishwa hatua moja kutoka ukutani, na yalifanya kazi toka siku ya kwanza. Vyumba vya kulala viko kaskazini mashariki, maana upepo wa miezi ya joto unatoka huko, na kila chumba kina dirisha la kutokea upepo upande mwingine. Dirisha moja ni la kuangalia nje. Mawili ndiyo ya upepo.

Sakafu tumeiacha tupu, saruji iliyosuguliwa, ndani ya nyumba mkeka tu. Ardhi ya chini ya nyumba, iliyofunikwa jua mwaka mzima, inakaa karibu na wastani wa joto la mwaka, digrii 26 hivi, na sakafu iliyolala juu yake inavuta joto la chumba taratibu. Ukiitandika zulia zito umeifunika. Hii ndiyo sehemu ya nyumba ambayo uzito unatufaa usiku na mchana, na ni ya bure.

Kaka yangu wa pili yeye ana nyumba ya ghorofa moja, na juu amemwaga zege na kuliacha wazi, nondo zimechomoza zinangoja ghorofa ya pili Mungu akijaalia. Nyumba za namna hii mjini sasa hazihesabiki. Zege lile bapa linatazamana na jua la utosi tangu saa nne asubuhi, linashiba, na linaanza kuteremsha chini jioni, likaendelea hadi usiku wa manane. Familia yake walikuwa wanalala na kiyoyozi kinachokimbizana na zege lililo juu yao, na umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, unakwisha kabla ya mwezi. Wifi yangu ndiye aliyenipigia simu. Tulianza kwa chokaa: tabaka mbili, juu ya zege lote, kazi ya Jumapili moja. Ikapunguza. Halafu wakasimamisha banda la makuti juu yake, kimo cha mtu, wazi pande zote, kwa kuwa nondo zile zinasubiri na bati la kudumu lingewasumbua baadaye. Sasa zege liko kivulini, upepo unapita juu yake, na wifi anaanika nguo zake hapo hata siku za mvua. Kiyoyozi bado kipo, wanakiwasha usiku mwanzo kidogo kisha wanakizima.

Kinachoniuma hasa ni madarasa. Watoto arubaini na zaidi chini ya bati tupu, saa saba mchana, mwezi wa Februari, na mwalimu anataka wafikiri. Nimefundisha katika hali hiyo na najua akili inakwenda wapi. Kule Gando, Burkina Faso, ipo shule ya msingi aliyoichora msanifu majengo Francis Kéré, ilikamilika mwaka 2001: dari ya tofali, juu yake bati kubwa lililoinuliwa juu ya vyuma vyembamba, upepo unapita katikati. Burkina ni kavu kuliko kwetu na dari ile nzito inawafaa wao zaidi. Lakini ile nafasi ya upepo kati ya bati na dari inafaa popote penye jua kama letu. Shule zetu zingeweza kuanza na ncha za paa zilizofunguliwa na kutiwa wavu, jambo ambalo mafundi wa kijijini wanalimudu kwa mbao chache.

Nyumba ya mama tuliirudia. Hakutaka silingi bodi, anasema inaficha panya, na hakutaka karatasi ya kung'aa kwa kuwa inamuumiza macho. Upenyo wa juu ya ukuta tuliuzibua, tofali zote zikatolewa, wavu ukawekwa. Kwa dari akachagua mwenyewe: majamvi. Yeye na jirani zake ni wasukaji, miyaa ipo, na jamvi zito lililotundikwa chini ya kenchi, shubiri tatu kutoka kwenye bati, linakata ule mmuliko na hewa inapita juu yake na kutoka. Jiko lake liko banda la nje, na waya za umeme tulizishusha ukutani ndani ya bomba, hazipiti juu ya majamvi. Chumba chake cha kulala kilitangulia, na kitanda kilirudi ndani. Majamvi yanataka kuteremshwa kila mwaka kukung'utwa vumbi na kutazamwa mchwa. Mwaka huu tumeyateremsha masika yalipokwisha, mawili yamebadilishwa, na vyumba viwili vilivyobaki vinasukiwa sasa hivi ili vitundikwe wakati wa vuli, kabla kaskazi haijaingia.